Matuta ya babu, maji ya Dar

Babu yangu hakutaka kusikia neno matuta. Alikuwa kijana Matombo, kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, enzi za mkoloni, Waluguru walipolazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, bila malipo. Udongo wa Uluguru ni mwembamba. Ukichimba ngazi kwa pupa unaufukia ule mweusi na kuuleta juu usio na rutuba. Umevunjika mgongo, na mahindi hayaoti. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu akauawa kwa risasi, na mpango ukafa.

Juzi nimetoka shambani kwa mama, kwenye mteremko ambao mvua ya masika inauchuna kila mwaka. Tulipima kontua, yaani mistari ya usawa kukatiza mteremko, kwa fremu ya miti mitatu, kamba na jiwe, tukachimba fanya juu, yaani mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta, na ukingoni tukapanda mananasi yashike udongo. Vijana wawili, siku tisa, fedha kutoka mfukoni mwangu. Mama akaniuliza: "Na jirani asiye na mtoto mjini, vijana wake atawalipa nani?"

Swali hilo nimerudi nalo Tabata, Dar es Salaam, kwenye bomba ninalochotea maji ya Ruvu, mto unaoanzia kwenye milima hiyohiyo.

Kule Kibungo Juu, kata ya huko Uluguru, lilishajaribiwa jambo zuri. Mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mpango ambao watumiaji wa maji wa huku chini, DAWASCO, shirika la serikali lililosambaza maji Dar, na kiwanda cha soda cha Coca-Cola Kwanza wakiwamo, walichangia fedha, na mkulima aliyechimba matuta au kupanda miti akalipwa kulingana na eneo alilohifadhi. Hakushurutishwa mtu. Babu angelisikia hilo, naamini angalau angekaa kitako asikilize.

Lakini ule ulikuwa mradi, na matuta yanataka kufukuliwa kila msimu. Ninachoiomba serikali ni sehemu ya ada za maji irudi mlimani kila mwaka, bila kungoja mfadhili. Si lazima ziwe noti mkononi. Miche ya karafuu na mdalasini, mbolea, ujira wa siku za kuchimba, vyote vinapokelewa. Mkono mtupu haulambwi. Tope likijaa mtoni, kulisafisha mtamboni nako kunagharimu dawa na fedha.

Mama kapiga simu jana. Jirani kaja mara mbili kuyatazama matuta yetu. Mara ya pili alikuja na kamba, akapima urefu wa mteremko wake, akaikunja, akarudi nyumbani.