Taa Nyekundu Kushoto

Juzi mtoto wa dada yangu alinijia na daftari la Kiingereza. Neno "port" ameandikiwa ni bandari. Zoezi linalofuata, ni tundu la kompyuta. Mbele kidogo, ni upande wa kushoto wa meli. "Mjomba, sasa lipi la kweli?" Yote, nikamwambia, na fikra zikanirudisha kwenye meli ya Bukoba.

Tulishapita Kemondo, mikungu ya ndizi imejaa hadi njiani, nami nimepanda juu kutafuta hewa. Mwezi haukuwepo, kwa hiyo wavuvi wa dagaa walikuwa wametapakaa na karabai zao. Katikati ya taa hizo nyeupe zikachomoza mbili za rangi: kijani mkono wetu wa kushoto, nyekundu kulia, na nyeupe juu yake.

"Ukiziona zote mbili, mwanangu, meli inakuja usoni kwako," akasema baharia mmoja mzee aliyesimama karibu. Meli yetu ikapinda kulia, taratibu. Na ile nyingine ikapinda kulia kwake. Kijani ikapungua, ikakatika kama imezibwa na kiganja. Nyekundu ikabaki peke yake, ikatupita kushoto, karibu kiasi cha kusikia mashine yake. "Port kwa port," akasema mzee.

Kijani haikuzimwa. Taa ya ubavuni imekingwa ili iangaze nyuzi 112.5 tu, kuanzia mbele kabisa hadi nyuma kidogo ya ubavu. Kushoto nyekundu, kulia kijani, ziwani na baharini vilevile. Anayeiona nyekundu tu anautazama ubavu wa kushoto wa mwenzake.

Na kwa nini kushoto kuitwe bandari? Zamani Ulaya kaskazini, usukani ulikuwa kasia kubwa lililofungwa ubavu wa kulia, karibu na tezi. Ukiegesha upande huo, kasia linasagwa kwenye gati. Basi meli iliegeshwa na kupakiwa kwa kushoto. Waingereza waliuita upande huo "larboard", na wa kulia "starboard". Yapigie kelele maneno hayo kwenye upepo uone kama mshika usukani atayatofautisha! Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru kushoto kuitwe "port" tu.

"Port" ya bandari yenyewe imetoka Kilatini, portus. Ile ya tundu la kompyuta ina asili ya jirani yake, porta, yaani lango, na ndilo lililozaa pia "porthole", dirisha la duara la meli. Mvinyo wa "port" umepewa jina la mji wa Porto. Huko huko Warumi walikuwa na Portus Cale, jina lililokuja kuwa la nchi ya Ureno kwa Kireno chenyewe, Portugal.

Ninalolipenda kuliko yote ni "opportunity", fursa. Kilatini chake, opportunus, kilisemwa juu ya upepo unaoelekea bandarini. Wenye mitumbwi ya tanga huku kwetu wanaujua: usiku upepo wa nchi kavu unawasukuma kutoka, mchana ziwa linavuma kuelekea pwani, nao wanageuza tanga kurudi na samaki. Sijui kama nilipaswa kumweleza mtoto yote hayo kwa zoezi la maksi tano. Alisikiliza, kisha akauliza mshika kasia anayetumia mkono wa kushoto alikuwa anafanyaje.