Pale mkaguzi anapochelewa na zege likiwa njiani

Mjenzi mdogo akilalamikia kanuni za ujenzi, aghalabu hutaja ada ya kibali. Ada inauma, lakini huilipa mara moja akamaliza. Kinachomla polepole ni zile siku ambazo mafundi wapo, saruji ipo stoo, na kazi imesimama kwa sababu mkaguzi hajaja. Kampuni yenye nyumba hamsini za ramani moja huwahamishia mafundi nyumba ya pili. Mwenye nyumba moja hana pa kuwapeleka, na mkopo unaendelea kuzaa riba.

Kwa hiyo ratiba ya kazi ifuate ratiba ya ukaguzi. Kanuni za nchi nyingi zinataka kazi ionekane kabla haijafunikwa: mtaro wa msingi na nondo kabla ya zege, mabomba ya majitaka kabla ya kufukiwa, nyaya kabla ya plasta. Omba ukaguzi, upate majibu, ndipo uagize zege. Zege la kiwandani kwa kawaida hutakiwa kumwagwa ndani ya dakika 90 hivi. Lori likisubiri kupita hapo, fundi atashawishika kuongeza maji ili zege lilainike, na nguvu yake itapungua.

Mtaroni, mkaguzi huinama kuangalia chini ya nondo. Nondo zikilala kwenye udongo, unyevu huzifikia, zinashika kutu, zinavimba, zege linapasuka. Zege linapomwagwa juu ya udongo mtupu, kipimo kinachotumika sana ni milimita 75 kati ya udongo na chuma. Likimwagwa juu ya zege jembamba la kusawazisha, kipimo hicho hupungua. Tengeneza vijiwe vya zege vya kuinulia nondo siku kadhaa mapema vikauke. Vipande vya tofali hunyonya maji, na mbao huoza zikaacha tundu. Sharti hili sina ugomvi nalo hata kidogo.

Ugomvi wangu uko kwenye mabadiliko madogo. Kusogeza dirisha tu kunaweza kuirudisha ramani kwenye foleni ileile ya maghorofa. Kusanya mabadiliko yote, yachorwe na kuwasilishwa kwa pamoja kabla kuta hazijaanza kupanda. Na kabla ya kuchimba, pima kutoka kwenye mawe ya mpaka, usipime kutoka kwenye uzio wa jirani. Ukuta ulioingia kwenye nafasi inayotakiwa kuachwa wazi unaweza kuamriwa ubomolewe, na hapo ramani mpya haisaidii.