Kupandisha Usukani wa Pikipiki: Kazi Kubwa Iko Kwenye Nyaya

Kufunga usukani wa juu zaidi kwenye pikipiki ni kazi ambayo wengi huikadiria kwa macho tu: bolti za vishikio zinafunguliwa, usukani wa zamani unatoka, mpya unaingia, basi. Sehemu hiyo kweli haimsumbui mtu mwenye spana zinazofaa. Kinachokula muda, na kinachoamua kama pikipiki itakuwa salama barabarani, ni vile vinavyoungana na usukani, yaani waya wa klachi, waya wa eksileta, mpira wa breki ya mbele na nyaya za umeme za swichi, ambavyo vyote vilipimwa kiwandani kwa usukani uliokuwapo.

Mimi niliutaka usukani wa juu kwa sababu ya mabega na viganja, ambavyo vilikuwa vikibeba uzito wa kiwiliwili kila nilipokwenda mwendo mrefu. Nafuu hiyo ina gharama yake, kwani anayekaa wima hupigwa na upepo kifuani, na uzito unaolikandamiza gurudumu la mbele hupungua, kwa hiyo sikuona sababu ya kutafuta usukani mrefu kuliko yote. Unene nao haubahatishwi: pikipiki nyingi hutumia bomba la milimita 22, nyingine kubwa hutumia milimita 25.4, na zipo sukani nene katikati, milimita 28.6, ambazo huhitaji vishikio vyake maalumu.

Kosa la kawaida katika kupima ni kuchukua tofauti ya urefu wa sukani mbili na kuiongeza kwenye urefu wa waya. Usukani wa juu mara nyingi pia humrudia dereva, na kule kurudi nyuma nako kunakula waya. Niliona ni bora kuufunga usukani mpya kwa muda, bila kuukaza sana, kisha nikapitisha kipande cha mpira wa zamani katika njia ileile ambayo waya utapita. Uzi mwembamba haufai kwa kipimo hiki, kwa sababu hukunja kona ambazo waya wa klachi hauwezi kuzikunja bila kuwa mzito kuvuta na kuanza kukatika nyuzi ndani ya ganda lake. Vipimo vichukuliwe usukani ukiwa umegeuzwa hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto, na kwa mpira wa breki gurudumu la mbele liinuliwe juu ili shokapu zinyooke kabisa. Mpira unaotosha pikipiki ikiwa imesimama unaweza kuvutika vibaya gurudumu linapoingia shimoni. Urefu wa kupita kiasi nao ni hatari, maana waya uliolegea hutafuta mahali pa kunasa, na mara nyingi hupapata pale shingoni, kati ya foku, yaani mikono inayoshika gurudumu la mbele, na fremu.

Kwenye breki sikutaka haraka hata kidogo. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 hula rangi, kwa hiyo tangi lifunikwe kwa kitambaa na tone lolote lioshwe kwa maji mara moja. Washa za shaba zinazokaa pande zote mbili za kiungio ziwe mpya, kwa sababu za zamani zimekwisha kubonyea na huvujisha. Mpira mpya umejaa hewa tupu, na mkono wa breki utabonyea kama sifongo mpaka hewa hiyo itoke: unabonyezwa taratibu mara kadhaa, unashikiliwa, nipeli ya chini, ile skrubu ya kutolea hewa, inafunguliwa kidogo na kufungwa kabla mkono haujaachiwa, huku kikombe cha juu kikiongezwa mafuta kisije kikakauka na kunyonya hewa upya. Mafuta ya DOT 5, yaliyotengenezwa kwa silikoni, yasichanganywe na DOT 4.

Nyaya za umeme zikiwa fupi, ziungwe kwa risasi na kufunikwa kwa mrija unaosinyaa kwa joto, kila kiungo mahali pake ili visirundikane na kufanya nundu. Kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu hakufai mahali panapogeuka kila dakika. Pikipiki ambazo eksileta yake ni ya umeme mara nyingi hazina waya wa kuvuta, hivyo kwao kazi yote ya eksileta iko hapa.

Baada ya kukaza vishikio kwa nguvu inayotajwa katika kitabu cha pikipiki husika, niliacha uchezaji, yaani mwendo wa bure kabla waya haujaanza kuvuta, wa milimita 2 hadi 6 kwenye gripi ya eksileta na 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono wa klachi, vipimo ambavyo pikipiki nyingi huvitaka. Kisha likaja jaribio ambalo kwangu ndilo hukumu ya kazi nzima: pikipiki imesimama, gia iko huru, injini inanguruma bila eksileta kuguswa, nami naugeuza usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Injini ikipandisha sauti hata kidogo, waya wa eksileta unavutwa mahali fulani, na pikipiki hiyo haipaswi kutoka hapo ilipo, kwani itajiongezea mwendo yenyewe katikati ya kona. Yangu haikubadilika sauti. Nyaya mpya hujilaza kidogo zikianza kutumika, kwa hiyo baada ya safari za mwanzo uchezaji wa klachi upimwe tena, na bolti za vishikio zipitiwe kwa spana.