Kabla ya kuipakia data ya ziwa mtandaoni

Kisumu iko kusini mwa ikweta kwa unywele tu: latitudo ya mji ni kama -0.09, longitudo 34.75. Idondoshe ile alama ya kutoa, na chupa ya maji iliyojazwa ufuoni Kisumu itaonekana imechotwa kilomita 20 hivi kaskazini, kwenye vilima vya Vihiga. Zigeuze namba hizo mbili, umefika Algeria. Programu haikuulizi kitu. Mtafiti wa Manila akiweka longitudo yake, 121, mahali pa latitudo, atakataliwa, maana latitudo haizidi 90. Ya kwetu inapita kimya kimya. Kwa hiyo kabla ya kutafuta pa kuiweka data, mwaga vituo vyote kwenye ramani uvitazame kwa macho.

Heri zaidi kutoziandika namba hizo kwa mkono. Fomu ya KoboToolbox, programu ya kukusanya data kwa simu, huchukua mahali kutoka kwa GPS ya simu hata pasipo mtandao; ngoja usahihi ushuke chini ya mita 5 ndipo uhifadhi. Swali la kina cha maji liwe la namba, si la maandishi, la sivyo mmoja ataandika "2.5", mwingine "mita mbili na nusu". Fomu hukaa kwenye simu mpaka itumwe. Anayeiondoa programu ili apate nafasi ya picha huenda akaondoka na kazi ya siku nzima, basi tumeni kila jioni, bando likiwepo.

Kisha lahajedwali, na hapa ndipo ushirikiano huharibika. Tarehe 3/4/2024 ni Aprili kwetu, ni Machi kwa mwenzako wa Marekani, na Excel hufuata mipangilio ya kompyuta iliyofungua faili. Andikeni 2024-04-03. Excel ndiyo ile ile iliyogeuza majina ya jeni kama SEPT1 kuwa tarehe, hadi mwaka 2020 wataalamu wa majina ya jeni wakaona ni rahisi kubadilisha majina kuliko kubadilisha watu. Kisanduku kitupu nacho kina maana tatu: hakikupimwa, kimepimwa kikawa sifuri, au kiko chini ya uwezo wa mashine. Fosfati isiyoonekana na mashine si sifuri. Wekeni safu ya pembeni inayosema ni ipi kati ya hizo, na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kuhariri jedwali kuu. Wengine watoe maoni.

Kuipakia kwenyewe ni kazi nyepesi. Zenodo, hifadhi ya data mtandaoni inayoendeshwa na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, tangu 2013, haitozi ada na hupokea hadi GB 50 kwa rekodi moja. Omba DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha data yako, ihifadhiwe kabla ya kuchapisha, uiandike ndani ya faili ya maelezo pamoja na vipimo na aina ya mashine. Pakia CSV, faili ya maandishi matupu inayofunguka popote, si Excel pekee. Chagua leseni; CC BY, inayoruhusu wengine kuitumia data mradi wakutaje, hutosha kazi nyingi. Weka ORCID ya kila mmoja, ile namba ya tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti, hasa pale ambapo Otieno na Wanjala ni wengi kuliko vituo vya sampuli.

Data ya watu ni jambo jingine. GPS ya boma la mgonjwa inamtaja hata ukifuta jina lake, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakuhusu. Toa kijiji au wadi, si nukta.

Ukishachapisha, faili haibadilishwi kiholela: marekebisho huwa toleo jipya lenye DOI yake, na la zamani hubaki pale pale na Algeria yake. Fanyeni mazoezi kwanza kwenye sandbox.zenodo.org, Zenodo ya majaribio. Akaunti yake ni tofauti na ile halisi, na DOI inayotoa ni ya majaribio, kwa hiyo msiinakili kwenye makala.