Ulimi wa milimita hamsini

Julai 2022, Kampala. Siku ya Kiswahili Duniani ilikuwa inaadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 7, na wiki hiyohiyo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wanne tukakubaliana kuwatengenezea wenzetu 24 zawadi: jalada dogo la kuhifadhia vikaratasi vya kunata. Ndivyo tulivyokuwa tukifundishia msamiati. Mtoto anaandika "dirisha", anakwenda kubandika dirishani. Lakini kitita kikitupwa mkobani bila kifuniko, pembe hujikunja, ukanda wa gundi hushika vumbi, na baada ya wiki hakinati tena.

Kitita cha kawaida ni milimita 76 kwa 76, na karatasi 100 zina unene wa milimita 10 hivi. Tulikata kadibodi ngumu ya kijivu, ile ya kufungia vitabu yenye unene wa milimita 2: vipande viwili vya 90 kwa 90, na kimoja cha mgongo cha 90 kwa 14. Hiyo 14 ni unene wa kitita pamoja na kadibodi mbili. Mgongo ukiwa mwembamba zaidi, jalada hubaki limeachama. Kati ya mgongo na kila ubavu tuliacha nafasi ya milimita 5 ili kitambaa cha kufunikia kipate mahali pa kukunjikia. Ukijumlisha upana unapata 204. Ongeza 15 za kukunja kila upande, kitambaa kinakuwa 234 kwa 120. Shiti moja ya kadibodi ya sentimita 70 kwa 100 ilitosha majalada yote 24.

Kitambaa tulichochagua ni lubugo, kitokanacho na gome la mti wa mutuba. Mafundi hulibandua gome, wakalipondaponda kwa nyundo za mbao mpaka lipanuke, kisha hulianika juani hadi lipate rangi ya udongo mwekundu. Ufundi huo UNESCO iliutambua mwaka 2005. Ukikishika mkononi ni laini kama ngozi ya mbuzi iliyolainishwa vizuri, na ukikielekeza kwenye mwanga unaona nyuzi zikipishana, nene hapa, nyembamba pale, na mahali pengine fundi ameziba tundu kwa mshono.

Sita za kwanza ziliharibika zote.

Tulipaka gundi nyeupe ya maseremala moja kwa moja kwenye lubugo. Gome hunywa maji. Gundi ikapenya hadi upande wa pili na kuacha mabaka meusi yenye kung'aa ambayo hayatoki. Kisha kadibodi ikapinda kama kigae, kwa kuwa kitambaa kilichololowa hutanuka, na kikikauka hujivuta na kuvuta kadibodi nacho. Kosa la tatu ndilo lililoniuma zaidi: vitita tulivibandika ndani kwa gundi hiyohiyo. Karatasi za chini zikalowa zikafanya mawimbi. Hata kama zisingelowa, kitita kikiisha jalada lingekuwa limekufa, maana hapakuwa na njia ya kuweka kingine. Zawadi ya namna hiyo unampa mtu kwa mwezi mmoja tu.

Tukazipeleka Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa, kwa mzee mmoja aliyezeekea katika kufunga vitabu. Alikichukua kimoja, akakigeuza, akakinusa.

"Mwalimu, mbona mmelinywesha gome hili?"

"Tumekosea, mzee. Tufanyeje?"

"Livisheni shati la ndani kwanza."

Shati la ndani ni karatasi nyembamba inayobandikwa nyuma ya lubugo kwa uji wa unga wa ngano: kijiko kimoja cha unga kwa vijiko vitano vya maji, upikwe huku ukikorogwa, upoe, uchujwe. Uji uwe mzito na upakwe kwenye karatasi, gome libaki kavu. Ukishakauka kabisa ndipo gundi nyeupe inapopakwa, nayo kwenye kadibodi, tabaka jembamba. Upande wa ndani nao lazima ubandikwe karatasi, ili uvute kwa nguvu sawa na wa nje. Pembe za kitambaa zikatwe mshazari, milimita 3 kutoka kwenye ncha ya kadibodi. Ukikata karibu zaidi, ncha hubaki uchi. Na kwa kuwa lubugo huchanika kirahisi kwenye mikunjo, kila pembe tulianza kuivika kipande cha kitenge kilichofuliwa na kupigwa pasi. Kitenge kipya kina wanga unaozuia gundi kushika.

Suala la kubadilisha kitita tulilimaliza kwa ulimi. Unakata manila ya 76 kwa 126. Kitita kinakaa juu ya 76 za kwanza kwa selotepu ya pande mbili, na 50 zilizobaki unazikunja nyuma kutokea juu. Karatasi ya ndani ya jalada inachanwa mfereji wa milimita 78, na ulimi unazama humo. Chini ya mfereji usipake gundi. Paka kingo tu, na wakati wa kukandamiza chomeka kipande cha nailoni ili gundi iliyopotea njia isiuzibe. Ulimi wa kwanza ulikuwa wa milimita 20, ukawa unachomoka kila karatasi ilipovutwa. Wa 50 ulikaa. Inasaidia pia kubandua karatasi kwa kuivuta kutoka ubavuni. Ukiivuta kwenda juu hujikunja.

Majalada yalikaa chini ya rundo la vitabu usiku mzima.

Mzee alituuliza jambo moja zaidi: wanaopewa ni akina nani? Kwa Waganda wa Buganda lubugo ndilo linalomsindikiza marehemu kaburini, na mmoja wa wenzetu alikuwa amemzika mama yake Mei. Jalada lake tulilifunika kwa kitenge chote, cha kijani.

Januari yule wa kijani alinipigia simu. Vikaratasi vimeisha, amenunua kitita kingine, na manila anayo mezani.

"Shikamoo dada. Ulimi ni ngapi vile?"

"Marahaba. Hamsini. Ukunje kutokea juu."