Damu Inayokadiriwa kwa Macho

Takwimu za Tanzania zinatia moyo: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama vitokanavyo na uzazi katika kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Makadirio ya aina hii huwa na mashaka yake, lakini wanaojifungulia vituoni wamefikia asilimia 81 kutoka 63, na mfumo wa m-mama, kwa namba 115 isiyotozwa malipo, humpatia mzazi mwenye dharura gari la wagonjwa au, lisipokuwepo, dereva wa kijijini kwao. Safari imeanza kupata ufumbuzi. Kinachonishughulisha ni yale yanayomkuta mama akishaingia wodi ya wazazi.

Kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua ndicho chanzo kikuu cha vifo hivi duniani, na kwa miaka mingi mkunga amekuwa akitazama shuka na pamba, kisha akikisia kiasi kilichopotea. Jicho, hasa la mtu anayehudumia wazazi watatu peke yake usiku, hukisia pungufu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, ulitumia kifaa cha kawaida mno: mfuko wa plastiki wenye vipimo, unaotandikwa chini ya mzazi. Damu ikifikia kiwango cha hatari, mkunga hukanda tumbo la uzazi, hutoa oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, na asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza uvujaji wa damu, huweka dripu na kutafuta mahali inapovuja, yote kwa mfululizo mmoja, bila kujaribu hatua moja na kusubiri matokeo yake. Tatizo liligunduliwa kwa asilimia 93 ya waliopatwa, dhidi ya 51 palipofuatwa utaratibu wa kawaida, na madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60.

Mfuko, hata hivyo, hupima tu. Oksitosini hutakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, jambo gumu kwa zahanati ambayo umeme wake hukatika kila mara, na kuwaambia ndugu watafute wachangiaji damu usiku wa manane ni utaratibu ambao sijawahi kuuelewa. Halmashauri inapotenga fedha za jengo jipya la wazazi, ningependa bajeti hiyohiyo ionyeshe jokofu la dawa, umeme wa akiba, damu salama iliyo tayari na mkunga wa pili wa zamu ya usiku.