Kuwaondoa nyuki nyumbani: kazi iko kwenye masega

Kwa kuwa ninafuga nyuki, watu wanaonifahamu hunipigia simu kila nyuki wanapovamia nyumba zao, na swali lao la kwanza karibu siku zote ni dawa gani ipulizwe. Huwa ninawajibu kwa swali jingine: je, nyuki wamening'inia mahali pa wazi, au wanaingia na kutoka kwenye tundu?

Bumba la nyuki lililojining'iniza kwenye tawi au ukingo wa paa, bila masega yoyote, ni nyuki walio safarini. Wameuacha mzinga wao wa zamani wakiwa na malkia wao, wamejaza asali matumboni, na wanawasubiri wapelelezi wao warudi na habari za makao mapya. Kwa kuwa hawana majana (watoto wa nyuki wanaolelewa ndani ya masega) wala akiba ya kulinda, kwa kawaida huwa wapole kuliko wanavyoonekana, na mara nyingi huondoka wenyewe baada ya saa au siku chache. Kinachotakiwa ni kuwaweka watoto mbali, kuwafungua mifugo na mbwa waliofungwa kamba, kwani hao hawana pa kukimbilia, na kumwita mfugaji atakayewakung'utia ndani ya mzinga. Kuwamwagia maji au kuwarushia mawe ni kuwachokoza bure.

Nyuki wanaopita kwenye tundu la ukuta au la dari ni habari nyingine kabisa, maana hao wamekwisha kujenga. Mlinzi wao mmoja akidunga, mwiba wake wenye vijino hubaki kwenye ngozi, mfuko wa sumu ukiendelea kusukuma, na papo hapo hutoka harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, ambayo huwaita wenzake waje kudunga palepale. Moshi wa baridi kutoka kwenye bomba la mfugaji huifunika harufu hiyo na huwafanya nyuki wakimbilie kunywa asali. Moto haufanyi hivyo. Sina subira hata kidogo na ushauri wa kumwaga petroli au kuwasha mwenge chini ya paa, kwa sababu nyumba huungua na nyuki waliosalia huwa wakali maradufu.

Tuseme basi sumu imepulizwa na nyuki wote wamekufa. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Nyuki hai hudumisha joto la nyuzi 34 hadi 35 za Selsiasi kuzunguka majana, na siku za joto hupunga mabawa ili masega yasilegee. Wakishakufa, hakuna wa kuyapoza: nta hulainika, asali huvuja na kuchora madoa kwenye dari, majana huoza, na sisimizi, panya na nondo wa nta hufuata. Nyuki wa mizinga mingine nao huja kuiba asali ile yenye sumu na kuipeleka kwao. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kazi ambayo imewaondoa nyuki na kuyaacha masega haijafanyika. Kuliziba tundu nyuki wakiwa ndani ni kubaya vilevile, kwani hutafuta upenyo mwingine, na upenyo huo aghalabu hutokea chumbani.

Kazi yenyewe ni ya mtu mwenye vazi kamili na mzoefu, na mahali ambapo nyuki ni wakali hufaa ifanywe jioni, kwa taa nyekundu, rangi ambayo nyuki hawaioni vizuri. Kwenye ukuta wa mbao au wenye lipu nyembamba, mara nyingi kiganja kinatosha kuonyesha pa kufungua, maana mahali palipo na majana huwa na joto kuliko sehemu nyingine. Masega hukatwa moja moja; yenye asali hutiwa kwenye ndoo yenye kifuniko, na yenye majana hufungwa kwa uzi kwenye fremu za mzinga, upande wa juu ukibaki juu. Malkia akishaingia mzingani, nyuki hujipanga mlangoni wakiwa wameinua matumbo na kupepea mabawa, wakitoa harufu ya kuwaita wenzao, nao huanza kuingia kwa miguu kama waumini wanaoingia ibadani. Mzinga huachwa hapo hadi usiku, kisha hufungwa na kupelekwa kilomita kadhaa, kwani ukiwekwa karibu, nyuki wa nje hurejea kwenye tundu lilelile.

Ukuta usipoweza kufunguliwa, tundu huwekewa koni ya wavu inayoruhusu kutoka tu. Njia hiyo huchukua wiki kadhaa, kwa sababu nyuki kibarua huhitaji siku 21 kutoka yai hadi kuwa kamili, na masega hubaki ndani. Mimi huikubali pasipo na njia nyingine.

Nyuki wakivamia, mtu akimbie huku amefunika uso, aingie ndani ya nyumba au gari na kufunga, wala asijitose majini, kwani nyuki huweza kumsubiri juu. Miiba iondolewe haraka, hata kwa kukwangua na kucha. Aliyevimba uso au ulimi, anayepumua kwa shida au kupata kizunguzungu, apelekwe hospitali mara moja, na vivyo hivyo aliyedungwa mara nyingi, hata kama hana mzio.

Masega yakishatoka, mabaki ya nta yakwanguliwe na mahali pale paoshwe, kwani harufu yake huliita bumba jingine. Uwazi wa ndani ujazwe, nyufa zizibwe kwa saruji, na matundu ya hewa yawekewe wavu wa milimita 3, ambao hupitisha hewa lakini haupitishi nyuki.